Walichoma Karatasi ya Papa, Kisha Wakatafuta Muhuri

Tarehe 10 Desemba 1520, nje ya lango la Elster katika mji wa Wittenberg, Ujerumani, msee mmoja mwenye udokta wa theolojia alitupa motoni barua kutoka kwa Papa. Jina lake Martin Luther. Barua ilikuwa imempa onyo: kana maandishi yako ama utengwe na kanisa. Siku hiyo vitabu vya sheria za kanisa vilichomwa pia, na wanafunzi wa chuo walikuwa palepale wakifurahia moto.

Hiyo sehemu ya hadithi kila mtu anaipenda. Jamaa mmoja dhidi ya mfumo mzima, na mfumo unashindwa kumzima.

Iliyofuata ndiyo hatusimuliwi. Hawa watu waliochoma karatasi ya mkubwa wa kanisa lote la Ulaya Magharibi, ilipofika zamu yao ya kujenga vyuo vikuu, walianza kutafuta karatasi. Chuo cha Marburg kilingoja miaka 14. Königsberg miaka 16. Shule ya Strasbourg ilingoja miaka 83 kabla ya kuitwa chuo kikuu kamili.

Nawaletea hii stori kwa sababu kila matokeo ya KCSE yakitoka, simu yangu hujaa maswali mawili. La kwanza: "Nimepata C, sikufika C+, nitaingia wapi?" La pili: "Hiki chuo kimeidhinishwa kweli, ama wanakula tu pesa za watu?" Tunayauliza kwa pumzi moja kana kwamba ni swali moja. Ni mawili tofauti kabisa. La kwanza linahusu mlango wa kuingia. La pili linahusu karatasi utakayotoka nayo, na umbali itakaofika kabla mtu hajaikataa. Walutheri wa kwanza walipambana na yote mawili, tena hadharani, kwa hivyo wacha tukae nao kidogo.

Muhuri ulikuwa wa kazi gani?

Enzi hizo, kujenga madarasa na kuajiri walimu hakukufanyi uwe na chuo kikuu. Ulihitaji hati kutoka kwa Papa au kwa Kaisari wa Milki Takatifu ya Kirumi. Kwa nini hao wawili? Kwa sababu amri zao hazikuishia kwenye mpaka wa mji mmoja. Digrii ilikuwa leseni ya kufundisha popote, na leseni ya popote haiwezi kutolewa na mtu ambaye sauti yake inasikika kwake tu.

Wittenberg ilikuwa na bahati, maana ilijipanga kabla ya vita kuanza. Mtawala wa Saxony, Frederick, alipata hati ya Kaisari Maximilian mwaka 1502, na Papa akaithibitisha mwaka 1507. Luther alipewa udokta wake hapo tarehe 19 Oktoba 1512. Ada ilikuwa gulden 50, pesa ambazo mtawa hana, na Frederick ndiye aliyezilipa. Aliyeongoza sherehe alikuwa profesa anayeitwa Andreas Karlstadt. Shika hilo jina.

Miaka iliyofuata, Luther alipoulizwa wewe ni nani hata umbishie Papa, alirudi tena na tena kwenye ule udokta. Alisema hakuutafuta, alisukumwa kuuchukua, na siku ya kuupokea aliapa kufundisha Maandiko kwa ukweli. Yaani chuo kilichothibitishwa na Papa ndicho kilichompa leseni ya kumkosoa Papa. Fikiria hiyo kidogo.

Profesa aliyesema digrii ziishe

Sasa, kama umeshasema mamlaka ya Papa ni bure, digrii ya nini?

Karlstadt aliuliza hilo swali na akalijibu kwa vitendo. Mwaka 1523 alitangaza kwamba hatampandisha tena mtu yeyote cheo cha kitaaluma. Alisoma Mathayo 23, pale Yesu anapokataza watu kuitwa walimu wakubwa, akaona cheo cha udokta ni kiburi tupu. Alivaa kama mkulima na akataka majirani wamwite Ndugu Andreas. Ni yuleyule aliyempa Luther udokta miaka 11 awali.

Na hakuwa peke yake kwa mawazo. Vyuo vya Ujerumani vilipungukiwa na wanafunzi vibaya miaka hiyo ya 1520. Wazazi walikuwa na hesabu yao: zamani mtoto akisoma anakuwa padri au mtawa, ana chakula na paa maisha yake yote. Sasa nyumba za watawa zinafungwa. Masomo ya nini? Luther ilibidi aandikie mabaraza ya miji mwaka 1524 akiwasihi wafungue shule, za wavulana na za wasichana, na mwaka 1530 akaandika tena kuwaonya wazazi wanaowatoa watoto shuleni. Ukisikia mtu leo anasema "digrii ni ya nini na kazi hakuna", jua hayo mazungumzo yana miaka 500.

Kwa miaka kadhaa Wittenberg haikutoa udokta wowote wa theolojia. Halafu, mwaka 1533, ukarudi. Kanuni mpya za kitivo ziliandikwa na Philipp Melanchthon, na wa kwanza kuvishwa udokta chini yake walikuwa watatu: Bugenhagen, mchungaji wa mji; Cruciger, mwalimu wa hapohapo; na Aepinus, kiongozi wa kanisa la Hamburg.

Kwa nini ulirudi? Kwa sababu kukiwa hakuna Papa, bado mtu lazima ajibu swali la mama aliyeketi kanisani: huyu anayenihubiria amesoma wapi, na nani amempima? Ukiondoa muhuri wote, unabaki na neno la mhubiri mwenyewe, na miaka hiyo kila kijiji kilikuwa na mtu anayesema Mungu ameongea naye usiku. Karlstadt aliona kiburi kwenye digrii, na kiburi kilikuwepo. Wenzake waliona kitu kingine: ahadi kwamba mtu mwingine zaidi yako mwenyewe amekukagua.

Waliojenga kwanza, wakaomba ruhusa baadaye

Mwaka 1527 Philip wa Hesse, mtawala kijana wa miaka 22, alifungua chuo kikuu Marburg. Hakuwa na hati ya Papa na hakuitaka. Hati ya Kaisari hakuwa nayo pia. Alichukua mali ya nyumba za watawa zilizofungwa, akaajiri walimu, akafungua milango kwa wanafunzi wachache. Hiki ndicho chuo kikuu cha kwanza kuanzishwa kama cha Kiprotestanti.

Miaka miwili baadaye, 1529, alianzisha mfuko wa ufadhili kwa vijana wasio na pesa, na miji ya Hesse ikatakiwa kuchangia. Kumbuka hata HELB ya kwao ilikuja kabla ya hati.

Elimu ilikuwa ya kweli? Sana. Kati ya wanafunzi wake wa kwanza alikuwepo Mskoti, Patrick Hamilton. Alisoma hapo 1527, akarudi kwao kufundisha alichokiamini, na Februari 1528 akachomwa moto akiwa hai mjini St Andrews. Hakuna aliyemuuliza kama chuo chake kimeidhinishwa. Walichokiogopa ni alichojifunza.

Lakini wengi wetu hatuendi kuwa mashahidi wa imani. Tunaenda kutafuta kazi. Kwa mwanasheria au daktari aliyetoka Marburg, digrii yake haikuwa na nguvu za kisheria katika milki nzima. Ilitembea hadi mwisho wa ardhi ya Philip, ikakaa chini. Hali ikawa hivyo hadi 1541, Kaisari Charles V alipotoa hati.

Na alitoa wakati gani? Mwaka mmoja nyuma, Philip alikuwa ameoa mke wa pili akiwa bado na wa kwanza, na sheria ya milki ilisema hilo ni kosa kubwa. Mwaka 1541 alikuwa amebanwa, akafanya mapatano na Kaisari mjini Regensburg, na mwaka huohuo chuo kikapata hati. Ubora wa masomo haukubadilika usiku mmoja. Kilichobadilika ni uhusiano wa mwenye chuo na mwenye muhuri.

Königsberg ni vilevile. Mtawala Albert wa Prussia alifungua chuo mwaka 1544. Kaisari alikuwa amemtangaza kuwa nje ya sheria tangu 1532, kwa hivyo hati kutoka huko ilikuwa ndoto. Lakini angalia chuo hiki kisicho na hati kilifanya nini. Mwanafunzi wake Martynas Mažvydas alichapisha katekisimu mjini humo mwaka 1547, na hicho ndicho kitabu cha kwanza kuchapishwa kwa Kilithuania. Lugha nzima ilipata kitabu chake cha kwanza kutoka kwa mwanafunzi wa chuo ambacho Kaisari hakukitambua. Hatimaye mwaka 1560 mfalme wa Poland, Sigismund II Augustus, alikipa hati. Albert alipogonga mlango wa kwanza ukafungwa, akaenda wa jirani.

Strasbourg ndiyo inanivunja mbavu. Shule yao ilianza 1538. Mwaka 1566 wakaruhusiwa kuwa akademia, digrii za chini tu. Haki zote za chuo kikuu zilikuja 1621 kutoka kwa Kaisari Ferdinand II, Mkatoliki wa kupindukia. Bei yake? Mji ukubali kujiondoa kwenye muungano wa kijeshi wa Waprotestanti. Wakakubali. Muhuri ukapigwa.

Kwa hivyo mtu akikuambia chuo kuidhinishwa maana yake ni kizuri, na kutoidhinishwa maana yake ni kibaya, mwambie asome Königsberg na Strasbourg. Muhuri unakuambia nani amekubali kusimama nyuma ya karatasi. Ni habari kubwa hiyo, lakini ndiyo habari yenyewe, na inaishia hapo.

Na mlangoni je?

Hapa ndipo wale wa C watafurahi, kisha watakasirika.

Kuingia chuo kikuu karne ya 16 hakukuhitaji cheti cha mtihani wa sekondari. Ulikuja, ukaapa mbele ya mkuu wa chuo, ukalipa ada, jina likaandikwa kwenye daftari. Maskini wangeweza kuondolewa ada. Halafu ukapitia mateso ya mono: unavalishwa pembe kama mnyama, wakubwa wanazikata, ndipo unahesabiwa mtu. Kama ulisoma bweni, unaijua hiyo sherehe vizuri.

Mlango unaonekana wazi. Shida ni kwamba kila kitu ndani kilikuwa kwa Kilatini: mihadhara, mijadala, mitihani. Na mwongozo wa shule ambao Melanchthon aliuandikia Saxony mwaka 1528 ulitaka watoto wafundishwe Kilatini, wasichanganyiwe na Kijerumani. Kama mzazi wako hakukupeleka shule ya Kilatini ukiwa mdogo, hakuna aliyekufungia lango la chuo. Lilikuwa limefungwa miaka 10 kabla hujafika. Mtihani wa mwisho wa sekondari kama tiketi ya chuo ulianza Prussia mwaka 1788, na ukawa lazima 1834. Alama ya kuingilia ni kitu kipya. Kuchujwa ni kwa zamani.

Melanchthon mwenyewe alichujwa. Aliingia chuo cha Heidelberg mwaka 1509 akiwa na miaka 12. Alipoomba digrii ya uzamili mwaka 1512, walimkatalia kwa sababu ni mdogo mno. Akahamia Tübingen, akaipata 1514. Akawa profesa wa Kigiriki Wittenberg akiwa na miaka 21. Na huyu, aliyeandika kanuni za kutoa udokta wa theolojia, hakuwahi kuchukua udokta wa theolojia. Alisimama kwenye shahada ya chini ya Biblia ya 1519, akakataa kuendelea.

Kulikuwa pia na mlango wa pembeni. Makanisa yalihitaji wachungaji kuliko vyuo vilivyoweza kutoa wahitimu, kwa hivyo Wittenberg ilianza kuwapima na kuwawekea mikono watu bila kudai digrii. Daftari lao lililoanza 1537 lina walimu wa shule, wachapaji vitabu na mafundi. Ulipimwa unachojua, basi.

Lakini kuna ambao mlango haukuwatambua kabisa. Dorothea Erxleben alijifunza udaktari kwa baba yake. Ilimbidi apate ruhusa ya mfalme wa Prussia ndipo Halle, chuo kingine cha Kilutheri, kimtahini. Alipata udokta wa tiba mwaka 1754, mwanamke wa kwanza Ujerumani. Vyuo vya Prussia kwa jumla viliwafungulia wanawake mwaka 1908. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

Na kuna Anton Wilhelm Amo. Alizaliwa pwani ya nchi tunayoiita Ghana leo, akapelekwa Ulaya akiwa mtoto, akakabidhiwa kwa mtawala wa Kijerumani kama vile watu wanavyopeana zawadi. Mwaka 1727 aliandikwa kwenye daftari la Halle. Mwaka 1729 alitetea hoja ya sheria kuhusu haki za Waafrika katika Ulaya. Mwaka 1730 akapata digrii ya uzamili ya falsafa Wittenberg, chuo cha Luther mwenyewe, na 1734 akatetea tasnifu yake hapo. Baadaye alifundisha Halle na Jena.

Kwa Amo, kile kitu Karlstadt alichokiita kiburi kilikuwa ngao. Mtu mweusi katika Ujerumani ya karne ya 18 hakuweza kuingia Jena na kusema, niaminini, nimesoma. Alihitaji karatasi ambayo Jena haiwezi kuibishia. Mwenye jina, ukoo na rangi inayokubalika anaweza kuidharau digrii. Asiye navyo, digrii inamtangulia mlangoni na kumsemea. Hiyo haikumwokoa na ubaguzi wote. Lakini ilimfikisha mbele ya darasa.

Tumefikia wapi sisi

Walutheri walipokuja huku kwetu walileta hadithi ileile. Makumira, karibu na Arusha, kilikuwa chuo cha kuandaa wachungaji kuanzia miaka ya 1950. Kilingoja hadi miaka ya 1990 ndipo kikaingia ndani ya Chuo Kikuu cha Tumaini, na leo kinachokagua vyuo vikuu vya Tanzania ni tume ya serikali. Kaisari amebadilisha jina tu.

Kwetu Kenya, Kaisari ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, chini ya sheria ya 2012. Na sisi tumeongeza utata, maana tuna wenye mihuri wengi. Chuo kinaweza kuwa na hati safi kabisa, halafu bodi ya taaluma yako ikasema kozi yako hawaitambui. Wahitimu wa uhandisi walipitia hayo hadi kesi ikafika Mahakama ya Juu. Watu walimaliza miaka mitano darasani, wakarushiwa rungu mlangoni mwa kazi. Ni Marburg tena: elimu ipo, karatasi haivuki mpaka.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na hakuna anayeniuliza digrii kabla ya kubonyeza video yangu. Kazi yangu unaipima mwenyewe kwa dakika tatu, ukichoka unapita. Lakini daraja huwezi kulipima kwa kulipita. Sindano huwezi kuipima kwa kudungwa. Ndiyo maana sitawaambia digrii ni bure, hata kama hiyo video ingepata watazamaji wengi kuliko hii. Ningekuwa Karlstadt, na Karlstadt alikuwa na pa kuegemea wakati anatupa cheo.

Kwa hivyo wewe uliyekosa C+: mlango mmoja umefungwa, na wanadamu wamekuwa wakiingia kwa mlango wa pembeni tangu 1537. Stashahada kisha digrii ni njia halali, haina aibu.

Na wewe unayetaka kulipa karo wiki hii: usiulize tu kama chuo kimeidhinishwa. Uliza nani amekiidhinisha, kwa kozi gani, na bodi ya kazi unayoitaka inasemaje kuhusu kozi hiyo. Usiulize pale ofisini kwao, maana wao wanauza. Nenda kwenye orodha ya Tume, kisha kwenye orodha ya bodi, ulitafute jina la kozi yako kwa macho yako.

Kama halipo, wakikuambia hati iko njiani, waulize imekuwa njiani tangu lini. Strasbourg ilikuwa njiani miaka 83.